TUJUE KILICHOMO NDANI YA GHALA

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa kazi ya reli katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku ile.)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Katibu, wakubwa wa tawi, na ndugu zangu wanachama,

Nawashukuru hasa wale waliotoka zamu ya usiku wakaja hapa kabla ya kulala. Nimepewa nafasi ya kusema juu ya usalama wa kazi. Mimi si mwanasheria, wala si mtu wa maabara. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na mengine nimejifunza katika yadi ya mabehewa. Kwa hivyo nitasema kwa maneno ya kawaida, na asiyeelewa aulize mwishoni.

Nataka kuwaeleza habari za bandari ya Beirut, katika nchi ya Lebanoni. Wengi wenu mliona picha za mlipuko ule. Lakini watu wengi wanajua mlio tu, hawajui yaliyotangulia. Nami nasema yaliyotangulia ndiyo yanayotuhusu sisi, kwa sababu yalianza kama kazi ya kila siku: meli, magunia, ghala, funguo na makaratasi.

Siku ya 4 Agosti 2020, saa kumi na mbili jioni na dakika chache, ghala namba 12 la bandari ile lililipuka. Walikufa watu wasiopungua 218. Walioumia walizidi 7,000. Watu kiasi cha 300,000 walikosa nyumba za kulala. Mlio ulisikika mpaka kisiwa cha Kupro, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kuvuka bahari. Ndani ya ghala hilo mlikuwa na shehena ya tani 2,750 za kitu kiitwacho amoniamu nitrati, ambayo ilikuwa imekaa pale tangu mwaka 2014. Miaka sita, ndugu zangu.

Sasa sikilizeni ilivyofika pale. Shehena ile haikuwa ya Beirut hata kidogo. Ilipakiwa mwezi wa Septemba 2013 katika bandari ya Batumi, nchi ya Georgia, na safari yake ilikuwa ya Beira, Msumbiji, huku huku katika pwani yetu ya Afrika ya mashariki, kwa kiwanda cha kutengeneza baruti. Meli yenyewe iliitwa Rhosus, ikipeperusha bendera ya Moldova. Ilikuwa meli kuukuu yenye madeni. Mwezi wa Novemba mwaka ule iliingia Beirut ili iongezewe mizigo, ipate fedha za safari. Mizigo ile ya chuma ilikuwa mizito mno, haikupakika. Wakaguzi wa bandari wakaikagua meli, wakaona haifai kwenda baharini, wakaizuia. Na wadai nao wakaja.

Mwenye kuiendesha meli akaiacha. Akawaacha na mabaharia. Nahodha na wenzake watatu wakazuiliwa ndani ya meli ile kwa miezi mingi, bila mshahara, juu ya shehena ya hatari. Nahodha alisema baadaye kwamba waliuza mafuta ya meli ili wapate kumlipa mwanasheria. Ni katika mwaka 2014 ndipo mahakama ilipowaruhusu kwenda kwao. Angalieni jambo hili vizuri. Yule aliyewadhulumu mabaharia mishahara yao ndiye huyo huyo aliyeuacha mzigo ule bila mwangalizi. Mambo haya mawili hayatengani. Mahali ambapo mfanya kazi halipwi, msidhani kwamba kitu kingine chochote kinatunzwa.

Mwezi wa Oktoba 2014 magunia yakateremshwa. Yalikuwa magunia makubwa, kila moja kiasi cha tani moja. Yakatiwa katika ghala namba 12. Mengine yakapasuka, punje zikamwagika chini. Meli yenyewe ikazama hapo hapo bandarini mwaka 2018. Magunia yakabaki. Mwenye meli hayupo, mwenye mzigo hayupo, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Je, wakubwa hawakujua? Walijua. Watu wa forodha waliandika barua baada ya barua, tangu mwaka 2014 mpaka 2017, kwenda kwa hakimu. Walisema kitu hiki ni hatari kwa wafanya kazi na kwa bandari. Walitaja na njia za kukiondoa: kipelekwe ng'ambo, au lipewe jeshi, au kiuzwe kwa kampuni ya baruti. Jeshi likasema halikihitaji. Hakimu na forodha wakaandikiana juu ya nani mwenye amri. Baadaye watu wa usalama wa serikali wakachunguza, na mwezi wa Julai 2020, majuma mawili kabla ya maafa, habari ikafika kwa Rais Michel Aoun na Waziri Mkuu Hassan Diab.

Ndugu zangu, mimi siwadharau walioandika barua. Kuandika ni afadhali kuliko kunyamaza. Lakini tazameni barua zile zilikwenda wapi. Zilipanda juu tu. Zilitoka kwa mkubwa mdogo zikaenda kwa mkubwa mkubwa. Hazikushuka kwa yule anayeshika ufunguo, wala kwa fundi anayetumwa kutengeneza mlango, wala kwa mzima moto. Wakubwa walijua, na walio karibu na ghala hawakujua.

Siku ile ya 4 Agosti mafundi walikuwa wamefanya kazi ya kuchomelea katika ghala lile, kuziba tundu na kutengeneza mlango ili wezi wasiingie. Wako waliosema kwamba cheche zao ndizo zilizowasha moto. Hilo ni la mahakama, si langu. Langu ni swali moja: ni nani aliyemwambia fundi yule, kabla hajawasha moto wake wa kuchomelea, kwamba nyuma ya ukuta kuna tani 2,750 za kitu cha kupasulia miamba? Tena katika ghala hilo hilo mlikuwa mmewekwa fataki. Mtu mwenye akili hawezi kuweka vitu hivyo viwili pamoja, ila kama hajui, au hajali.

Moto ulipoonekana, kikosi cha wazima moto cha mji kiliitwa. Wakaenda watu kumi, na mmoja wao alikuwa mwanamke wa huduma ya kwanza. Hawakuambiwa kilichomo ndani. Walikuta mlango umefungwa, wakaanza kuuvunja. Wote kumi walikufa. Wakafa pia wafanya kazi wa maghala ya nafaka yaliyokuwa jirani, na makuli, na madereva, na mabaharia, na watu waliokuwa nyumbani kwao wakichungulia dirishani. Katika waliokufa walikuwamo wageni waliokwenda kutafuta riziki: Wasiria, Waethiopia, Wabangladeshi, Wafilipino.

Na sisi Wakenya tulikuwa na watu wetu kule. Wasichana wetu wengi walikwenda Lebanoni kufanya kazi za nyumbani chini ya mpango uitwao kafala, ambao humfunga mfanya kazi kwa mwajiri mmoja. Mwezi ule wa Agosti 2020 wanawake wa Kenya walilala nje ya ofisi ya ubalozi wetu mdogo mjini Beirut, wakidai warudishwe nyumbani. Kazi hawakuwa nayo, mahali pa kulala hawakuwa napo, na wengine waajiri wao walikuwa wameshika paspoti zao. Basi mtu asiseme kwamba habari za Beirut ni habari za watu wengine.

Sasa niseme kidogo juu ya kitu chenyewe, kwa sababu mtu hawezi kujikinga na asichokijua. Amoniamu nitrati ni punje nyeupe, waweza kudhani ni chumvi. Mkulima huiita mbolea, kwa kuwa ina naitrojeni nyingi. Mtu wa machimbo ya mawe huiita baruti, kwa kuwa ikichanganywa na dizeli kidogo hupasua mwamba. Ikikaa peke yake, mahali pakavu penye hewa, mbali na moto na mafuta, inaweza kukaa bila kudhuru mtu. Haiwaki kama karatasi. Lakini ina oksijeni ndani yake yenyewe, na moto ukianza karibu nayo huulisha moto ule. Hata ukifunga milango ili moto ukose hewa, haukosi. Na ikipata joto kali, tena imerundikwa kwa wingi, imefungiwa, imechanganyika na uchafu unaowaka, hugeuka gesi yote kwa mara moja. Huko ndiko kulipuka.

Nisije nikawatisha bure. Mbolea ya CAN tunayoipakia kila msimu, ile wanayotia wakulima wetu katika mahindi, ni ya ukoo huo, lakini imechanganywa na chokaa ili kupunguza hatari. Siyo sawa na ile ya Beirut. Hata hivyo yataka kuwekwa mbali na mafuta na moto. Jambo ninalotaka mlikumbuke ni kwamba neno "mbolea" juu ya gunia halitoshi. Mbolea gani? Ya nguvu gani? Imekaa na nini?

Neno hilo hilo liliwahi kuua watu wengi zamani, na safari ile reli ilikuwamo. Katika mji wa Texas City, Marekani, mwaka 1947, amoniamu nitrati ililetwa bandarini kwa gari moshi kutoka viwanda vya mbali vya bara. Ilikuwa katika mifuko ya karatasi iliyoandikwa mbolea. Makuli walisema baadaye kwamba mifuko mingine ilikuwa ya moto mikononi. Wakaipakia katika meli ya Kifaransa iitwayo Grandcamp, kiasi cha tani 2,300. Asubuhi ya 16 Aprili moshi ulionekana katika ngama. Nahodha hakutaka maji yaharibu mzigo. Akaamuru ngama ifungwe na mvuke upelekwe ndani ili moto uzimike. Nimekwisha kuwaambia kwamba kitu hiki hakizimiki kwa kufungiwa. Watu walikuja kutazama moshi kwa sababu rangi yake ilikuwa ya ajabu, na watoto walikuwamo. Meli ikalipuka. Walikufa watu wasiopungua 581. Kikosi cha wazima moto wa kujitolea cha mji ule kilikuwa na watu 28, wakafa 27.

Watu wakaishtaki Serikali ya Marekani. Mwaka 1953 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakataa madai yao, na ikabidi Bunge lipitishe sheria ya kuwalipa mwaka 1955, miaka minane baada ya mazishi. Tangu Texas City hata Beirut ni miaka 73. Na kati yake, mwaka 2015, ghala la bandari ya Tianjin, China, lililipuka kwa kitu hicho hicho pamoja na vingine, wakapotea watu 173, na walio wengi walikuwa wazima moto. Kwa hivyo asije mtu akasema kwamba jambo la Beirut halikuweza kujulikana mbele. Lilikuwa limeandikwa vitabuni kabla baba zetu hawajaajiriwa.

Sasa nirudi kwetu. Miaka michache iliyopita sisi kikosi kimoja tulipewa behewa la kupakua. Ndani mlikuwa na mapipa, na matatu yalikuwa yakivuja. Karatasi zake zilikuwa zimelowa, hazisomeki. Tukamwuliza karani wa mwenye mzigo, "Hii ni nini?" Akasema, "Ni dawa." Dawa ya nini? Ya ng'ombe, ya pamba, ya panya? Akasema sisi kazi yetu ni kubeba. Vijana wawili, vibarua wa kutwa, wakababuka mikono mpaka viwikoni. Kesho yake hawakuitwa kazini, wala dawa hawakupewa. Sitamtaja mwenye mzigo, maana nimekuja kusema juu ya desturi, si juu ya mtu mmoja. Desturi yenyewe ni hii ya kusema "kazi yenu ni kubeba". Huo ndio mwanzo wa ghala namba 12.

Wengine hapa wananong'ona: "Tukiulizauliza tutafukuzwa." Nawaelewa. Mimi pia nina watoto wanaokula ugali kila siku. Lakini jueni sheria. Katika Kenya kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inamtaka mfanya kazi ampashe habari msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu. Na inasema kwamba mwajiri hawezi kumlazimisha arudi mahali pale mpaka hatari imeondolewa. Inasema pia kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, nasi wafanya kazi tuwe na watu wetu ndani yake. Kwa hivyo anayeuliza "hii ni nini" hafanyi ukaidi. Anatimiza sheria ya nchi.

Lakini sheria haitembei yenyewe. Mtu mmoja akiuliza peke yake, ataitwa mkorofi. Wakiuliza watu arobaini, karani atatafuta karatasi. Hiyo ndiyo faida ya chama.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naleta mambo matano mbele ya mkutano huu.

La kwanza. Mzigo wowote wa kemikali usiguswe mpaka karatasi yake isomwe kwa sauti mbele ya kikosi, kwa Kiswahili, na vibarua wa kutwa wawepo. Kibarua ana mapafu kama ya mwenye kazi ya kudumu.

La pili. Kila mwezi wajumbe wetu wa kamati ya usalama wadai orodha ya mizigo isiyo na mwenyewe: imekaa tangu lini, ni kitu gani, na itaondoka tarehe gani. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Hii ya leo ikikosa daftari, sisi ndio tutakaoisha.

La tatu. Chama kikiandika barua juu ya hatari, barua iwe na siku ya mwisho ya kujibiwa. Siku ikipita, twende kwa wakaguzi wa Serikali wa usalama kazini. Siku hiyo hiyo nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ili anayefanya kazi karibu na hatari aisome. Barua zetu zisipande tu, zishuke pia.

La nne. Orodha ya vitu vya hatari vilivyomo katika kila ghala iwekwe langoni, mahali ambapo mzima moto ataiona kabla hajaingia. Wale kumi wa Beirut walikwenda na vifaa vyao vya kawaida kwa moto ambao haukuwa wa kawaida. Mtu akiwaambia neno moja tu, pengine wangaliwaondoa watu kwanza.

La tano ni la kila mmoja wetu na watu wa nyumbani kwake. Ukiona moto katika ghala usilolijua, na hasa moshi ukiwa wa rangi nyekundu au ya hudhurungi, usisimame kutazama, wala usishike simu kupiga picha. Ondoka mbali na vioo vya madirisha. Walioumizwa na vioo Beirut walikuwa wengi sana, na wengi wao walikuwa wamesimama dirishani wakitazama moshi.

Neno la mwisho ni juu ya haki. Serikali ya Lebanoni ilijiuzulu siku sita baada ya mlipuko. Hakimu wa kwanza aliyewashtaki wakubwa aliondolewa mwaka 2021, na yule aliyemfuata alizuiwa mara kwa mara. Ilipotimia miaka mitano, mwezi wa Agosti 2025, hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuwa amehukumiwa. Lakini jamaa za waliokufa hawakwenda nyumbani. Walikuwa wakikutana kila tarehe 4 ya mwezi, na picha za watu wao mikononi. Na baadhi ya walioumizwa walishirikiana na chama cha mawakili cha Beirut, wakaishtaki London kampuni ya Savaro, iliyohusika na kuuza shehena ile. Mwezi wa Februari 2023 Mahakama Kuu ya London ikawapa haki. Mjane mmoja peke yake asingeweza kufika huko.

Hata hivyo, ndugu zangu, hukumu hupatikana baada ya mazishi. Mimi sitaki chama chetu kipate sifa ya kushinda kesi ya maiti. Nataka kipate sifa ya karani aliyeulizwa "hii ni nini" akajibu sawasawa, na mzigo ukaondoka, na hakuna gazeti lililoandika habari hiyo kwa sababu hakuna kilichotokea.

Naomba mambo haya matano yapigiwe kura leo, yaandikwe katika kumbukumbu, na yapelekwe kwa mwajiri kabla ya mwisho wa mwezi.

Umoja ni nguvu.